Usingizi wa Mpiga Gitaa: Msongo wa Mawazo kwa Wanamuziki wa Roki

Nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuwa akisinzia katika kipindi changu cha saa moja asubuhi. Hakusinzia kwa kificho kama wafanyavyo wengine, kwa kuegemeza shavu kwenye kiganja na kujifanya anasoma. Alilaza kichwa juu ya dawati akalala fofofo. Siku ya tatu nilimwamsha mbele ya wenzake zaidi ya mia moja, nikamuuliza kama starehe za usiku uliopita zilikuwa tamu kiasi hicho. Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye akasimama, akajifuta uso, akasema kwa sauti ya chini: "Samahani, Dokta. Nilikuwa kazini." Kicheko kikazidi, kwa maana wengi walimfahamu. Alikuwa mpiga gitaa la solo katika bendi iliyokuwa ikipiga kopi za muziki wa roki kwenye hoteli na baa za ufukweni, usiku nne kwa juma. Katika fikra za watu wale, nami nikiwamo, mtu anayeshika gitaa usiku hawezi kusema kwamba alikuwa kazini.

Baada ya siku ile hakuonekana darasani kwa majuma matatu. Aliporejea alikuja ofisini kwangu, akabisha hodi, akaniamkia, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayejiandaa kuondoka. Alinisimulia kwamba usiku mmoja, katikati ya wimbo aliokwisha kuupiga mara zisizo na hesabu, vidole vya mkono wa kushoto viligoma, moyo ukaanza kwenda mbio, pumzi ikambana, akaamini kabisa kwamba anakufa jukwaani. Hospitalini walimpima moyo, wakauona mzima, wakamruhusu arudi nyumbani. Mama yake alisema ana kijicho cha watu. Kiongozi wa bendi alimshauri awe anakunywa bia mbili kabla ya kupanda jukwaani. "Mimi si mlevi, Dokta," aliniambia, "lakini siku hizi nimeanza kuzihesabu."

Sikuwa na la kumjibu. Mimi ni mtu wa sayansi ya jamii, si tabibu. Nilimwomba radhi, nikamwelekeza kwa mshauri wa wanafunzi, kisha nikafanya kile wanachofanya watu wa kazi yangu wanaposhindwa: nikaenda kusoma. Makala haya ni matunda ya kusoma huko, pamoja na hasira kidogo.

Nilichokigundua mapema ni kwamba suala hili lilikwisha kuchunguzwa zamani, tena na mtu wa fani ambayo sikuitarajia. Mwaka 1988 Geoffrey Wills na Cary Cooper walichapisha nchini Uingereza kitabu kiitwacho Pressure Sensitive, kinachohusu msongo wa mawazo miongoni mwa wanamuziki wa kulipwa. Cooper si mhakiki wa muziki. Ni mtaalamu wa saikolojia ya kazi, ambaye jina lake linajulikana kwa tafiti za msongo wa mameneja na waajiriwa wa kila aina. Alimtazama mpiga gitaa kwa jicho lile lile analomtazamia karani: analipwaje, nani anamwamuru, analala saa ngapi, nini humtia hofu anapokuwa kazini. Yaliyojitokeza humo ni mambo ya kawaida kabisa. Kuna hofu ya kukosa kazi, na kazi zote kuja kwa mkupuo mmoja zinapopatikana. Kuna safari ndefu, vyombo vinavyoharibika katikati ya onyesho, na shinikizo la kufikia kiwango ambacho mwanamuziki amejiwekea mwenyewe. Hamna humo pepo wala wazimu wa wenye vipaji.

Mwaka 2016 asasi ya hisani iitwayo Help Musicians UK iliwaomba watafiti Sally Anne Gross na George Musgrave wa Chuo Kikuu cha Westminster kulitazama jambo hilo upya. Watu 2,211 wa sekta ya muziki walijibu dodoso. Asilimia 71.1 walisema wamewahi kupatwa na wahka mkubwa au hofu kali ya ghafla, na asilimia 68.5 walisema wamewahi kupatwa na sonona. Kwa kuwa nafundisha mbinu za utafiti, sina budi kuweka tahadhari: waliojibu walijitokeza wenyewe, na mwenye maumivu huwa mwepesi zaidi kujaza dodoso la maumivu kuliko asiye nayo. Tusizibebe asilimia hizo kana kwamba ni sensa. Hata hivyo, mahojiano marefu yaliyofuata yalitoa kauli ambayo naiona nzito kuliko tarakimu. Wahojiwa walieleza kwamba muziki wenyewe huwaponya. Kinachowaumiza ni kujaribu kuishi kwa muziki.

Niliporudia kuisoma kauli hiyo nilimkumbuka yule kijana. Hakuniambia hata mara moja kwamba amelichoka gitaa.

Sasa niseme kinachonikera. Ulimwengu wa roki, na sisi tunaousikiliza kwa mbali, tumejijengea ngano kwamba maumivu ya mwanamuziki ni sehemu ya kipaji chake. Tunawataja Brian Jones aliyefariki mwaka 1969, Jimi Hendrix na Janis Joplin waliofuata mwaka 1970, Jim Morrison mwaka 1971 na Kurt Cobain mwaka 1994, wote wakiwa na umri wa miaka 27, na kutokana na majina hayo tumeunda kitu kama kilabu cha marehemu. Vijana huchora tarakimu hiyo kwenye fulana. Mwaka 2011 watafiti waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, baada ya kuwafuatilia wanamuziki 1,046 waliowahi kuwa na albamu iliyoshika nafasi ya kwanza nchini humo kati ya mwaka 1956 na 2007. Hawakuona ongezeko lolote la vifo katika umri wa miaka 27. Walichokiona ni cha kutisha zaidi na hakina mvuto wa kuchorwa kwenye fulana: wanamuziki maarufu wa umri wa miaka ishirini na kitu hadi thelathini na kitu walikuwa katika hatari ya kufa mara mbili hadi tatu zaidi ya watu wa kawaida wa rika lao. Utafiti mwingine, ulioongozwa na Mark Bellis wa Liverpool na kuchapishwa mwaka 2007, uliwahusisha nyota 1,064 wa roki na pop, nao ulionyesha hatari kama hiyo ikidumu kwa miaka mingi baada ya mtu kupata umaarufu.

Tazama tofauti ya mitazamo hiyo miwili. Tarakimu 27 inatuambia kuna nuhusi, na nuhusi haina wa kulaumiwa. Hatari inayoendelea kwa miongo miwili inatuambia kuna mazingira ya kazi, na mazingira ya kazi yana mwenyewe. Wahenga wetu walisema ngoma ivumayo sana haidumu, nasi tumezoea kuutumia msemo huo kana kwamba ngozi hupasuka yenyewe. Mimi najiuliza ni nani aliyekuwa akiipiga, kwa saa ngapi, na kwa ujira wa nani.

Chukua mfano wa Brian Wilson wa kundi la Beach Boys la California, aliyefariki Juni 2025. Katika mwaka 1963 pekee kundi lake lilitoa albamu tatu, na yeye ndiye aliyekuwa akitunga sehemu kubwa ya nyimbo, kupanga sauti na kusimamia kurekodi, huku akisafiri na wenzake kutoka mji hadi mji. Desemba 1964, akiwa na umri wa miaka 22, alipatwa na hofu kali ndani ya ndege iliyokuwa ikielekea Houston, akalia mbele ya abiria. Baada ya hapo aliacha ziara, akabaki studio, na mwaka 1966 ikatoka Pet Sounds, albamu ambayo hadi leo hutajwa miongoni mwa bora zilizowahi kurekodiwa. Maradhi yake ya akili yalikuwa mazito na yaliendelea kwa miongo mingi. Sitaki kudai kwamba kupunguziwa kazi kulimponya. Lakini yafaa kukumbuka kwamba kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya baada ya kuruhusiwa kubaki nyumbani, si alipokuwa akikimbizwa.

Ian Curtis hakubahatika hivyo. Alikuwa mwimbaji wa Joy Division, bendi ya eneo la Manchester, na mapema mwaka 1979 madaktari walimkuta na kifafa. Bendi ilikuwa inaanza kujulikana, maonyesho yalikuwa mengi, fedha ilikuwa kidogo, usingizi mchache, na juu ya jukwaa zilikuwapo zile taa za kumwekamweka ambazo ni hatari kwa baadhi ya wenye ugonjwa huo. Alipatwa na kifafa jukwaani zaidi ya mara moja. Namna yake ya kucheza ilikuwa ya kutupa mikono kwa mshtuko, hivyo watazamaji wengine hawakuweza kutambua kama anacheza au anaugua. Walishangilia. Alijiua tarehe 18 Mei 1980, akiwa na umri wa miaka 23, siku moja kabla ya bendi kuondoka kwenda kufanya ziara Marekani.

Nimeitafakari sana picha hiyo ya watu wanaomshangilia mgonjwa. Siwalaumu, maana hawakujua. Lakini pale ukumbini kwangu asubuhi ile, watu zaidi ya mia moja walicheka, na aliyewaongoza alikuwa na shahada ya uzamivu.

Msomaji anayelala saa nne usiku huenda asielewe kinachotokea katika mwili wa mtu anayeshuka jukwaani saa nane za usiku. Ili kusimama mbele ya kadamnasi na kupiga bila kukosea, mwili humwaga damuni kemikali zile zile unazozitumia kumkimbia simba. Moyo huenda kasi, misuli hukaza, macho hufunguka. Onyesho likiisha, simba ametoweka lakini mwili haujapata habari. Watu wanapakia vipaza sauti kwenye gari, wengine wanasinzia, naye macho makavu kabisa. Hapo ndipo chupa inapoingia, si kama anasa bali kama breki. Kesho yake kuna mji mwingine na uchovu ule ule, na sasa inahitajika kitu cha kuamsha. Mzunguko huo wa kujilaza na kujiamsha kwa vileo na vidonge umekwisha kuwafikisha wengi kwenye uraibu, tena watu ambao walipoanza hawakuwa na kiu ya kulewa hata kidogo. Na mahali pa kazi penyewe ni baa! Mwalimu mwenye tatizo la pombe anaweza kuificha chupa mezani. Mwanamuziki analipwa sehemu ya ujira wake kwa kreti.

Yupo atakayesema: hao ni matajiri, Daktari, waache walie ndani ya magari yao ya kifahari. Hoja hii nimeisikia hata kwa wenzangu chumba cha chai, na inastahili jibu la kifedha.

Mwaka 1993 Steve Albini wa Chicago, mpiga gitaa na mrekodi wa muziki aliyefariki Mei 2024, aliandika makala yaliyoitwa The Problem with Music. Ni mwaka ule ule aliporekodi albamu ya In Utero ya kundi la Nirvana, kwa hiyo alikuwa akiandika juu ya jiko ambalo yeye mwenyewe alikuwa akipikia. Alichukua mfano wa kubuni wa bendi ya watu wanne iliyotia saini mkataba mnono na kampuni kubwa, ikapewa malipo ya awali ya dola 250,000 na kuuza nakala 250,000 za albamu. Kisha akapiga hesabu mstari kwa mstari: studio, meneja, wakili, wakala, basi la ziara, video, na deni la kampuni linalokatwa kwenye mrabaha. Mwisho wa hesabu kampuni imepata dola 710,000, na kila mwanabendi amebaki na dola 4,031 na senti 25. Albini alisema kiasi hicho ni kama theluthi ya ambacho kila mmoja angepata kwa kuuza katika duka dogo la mtaani. Hesabu zile ni za zama za kaseti na diski, na biashara ya muziki imebadilika mno tangu hapo, lakini mantiki ya malipo ya awali ambayo kumbe ni mkopo ingali hai. Mkulima wa tumbaku aliyewahi kukopeshwa mbolea ataielewa bila kufundishwa.

Kwa hiyo watu unaowaona kwenye magari ya kifahari ni wale wachache waliovuka. Hata hao si kwamba wamesalimika. Tofauti ni kwamba wao wanaweza kulipia msaada. Mwaka 2001 kundi la Metallica, wakati huo tayari miongoni mwa bendi tajiri zaidi duniani, lilikuwa linasambaratika. Mpiga besi Jason Newsted aliondoka mwezi Januari. Miezi michache baadaye mwimbaji James Hetfield aliingia kwenye matibabu ya uraibu wa pombe. Kundi lilimwajiri mshauri wa saikolojia, Phil Towle, kwa dola 40,000 kwa mwezi, na kamera zikarekodi yote hayo katika filamu iliyotoka mwaka 2004. Nawashauri wasomaji wanaofundisha masuala ya kazi waitazame, hata kama hawapendi magitaa yenye kelele. Hetfield anaporejea kutoka matibabuni anakuja na sharti moja: atafanya kazi kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi jioni, basi. Wenzake wanakasirika. Mpiga ngoma Lars Ulrich anazunguka chumbani kwa hasira. Watu wazima, wenye mamilioni, waliopiga pamoja kwa miaka ishirini, wanagombana juu ya jambo ambalo mfanyakazi wa kiwanda cha nguo alilipigania katika karne ya 19, yaani saa za kazi! Hetfield alirudi tena matibabuni mwaka 2019, ziara ya Australia na New Zealand ikaahirishwa, na safari hii bendi ilitangaza waziwazi sababu. Nadhani huo ni ushindi kuliko albamu yoyote waliyowahi kuitoa.

Vivyo hivyo Bruce Springsteen. Katika wasifu wake uliotoka mwaka 2016 aliandika juu ya sonona iliyomkumba alipokuwa ameshapita miaka sitini, na juu ya miongo aliyoitumia kwenda kwa mtaalamu. Mtu huyu anajulikana kwa kupiga maonyesho ya zaidi ya saa tatu mfululizo, na mashabiki wake huyahesabu masaa hayo kwa fahari. Sikumbuki kumsikia shabiki akijiuliza saa ya nne anaipitishaje.

Nasi tuna jamaa yetu katika simulizi hili. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Kiparsi ambayo iliondoka visiwani mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Leo watalii hupiga picha mbele ya nyumba inayohusishwa naye Mji Mkongwe, na wapo wenyeji wanaoona haya kulitaja jina lake. Mambo mengi yamesemwa juu ya maisha yake. Mimi nitataja moja tu. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi huku akiwa na UKIMWI, akirekodi nyimbo kila mwili ulipomruhusu, huku wenzake wakiwakanushia waandishi wa habari kwamba anaumwa. Tangazo la ugonjwa wake lilitolewa tarehe 23 Novemba 1991. Alifariki siku iliyofuata. Kila alipotoka mlangoni palikuwa na kamera inayopima mashavu yake yamebonyea kiasi gani. Sisi ambao familia zetu zilipitia miaka ile, tukaficha wagonjwa vyumba vya ndani na kuita maradhi kwa majina mengine, tunajua uzito wa siri ya namna hiyo. Yeye aliibeba akiwa anatazamwa na dunia nzima.

Na roki si ya Wazungu peke yao. Majirani zetu wa Zambia walikuwa na roki yao katika miaka ya 1970, na wapenzi wa muziki huo wakaja kuiita Zamroki. Vijana wa mikoa ya shaba walichukua gitaa la umeme, wakalichanganya na midundo ya kwao, na bendi kama WITCH, iliyoongozwa na Emmanuel Chanda maarufu kama Jagari, zikajaza kumbi. Kisha bei ya shaba ikaanguka, vita vya ukombozi vya nchi jirani vikaleta usiku wa giza na amri za kutotoka nje, kumbi zikakosa watu, na baadaye UKIMWI ukawachukua wengi wa wanamuziki wale. Jagari alifundisha muziki, halafu akageukia kuchimba vito. Miongo minne baadaye wakusanyaji wa sahani za santuri wa Ulaya na Marekani waliigundua tena kazi yake, na mzee yule akaanza kupanda majukwaa ya Ulaya. Watu huisimulia habari hii kama hadithi ya furaha. Mimi huwafikiria wenzake walioshindwa kufika huko, na miaka yote ile ambayo mtu aliyekuwa nyota wa taifa alikuwa akishuka shimoni na nyundo, bila kiinua mgongo, bila mrabaha, bila mtu wa kumuuliza usiku unalalaje.

Hapa kwetu tuliwahi kujaribu njia nyingine, ingawa kwa muziki wa dansi. Chama cha wafanyakazi kilipounda NUTA Jazz katika miaka ya 1960, na baadaye mashirika ya umma, jeshi na jumuiya ya vijana yakafuata mfano huo, mpiga tarumbeta aligeuka kuwa mwajiriwa mwenye mshahara wa mwezi. Sitaki kuupaka sukari mfumo ule. Mshahara ulikuwa mdogo, vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na aliyehama bendi aliondoka mikono mitupu. Lakini chini ya mfumo ule hapakuwa na ubishi kama mwanamuziki yuko kazini au yuko starehe. Aliyemwajiri alikuwa chama cha wafanyakazi! Leo vyombo vyetu vinavyosimamia sanaa hushughulika mno na maadili yaliyomo katika nyimbo, na ningependa nguvu kama hiyo ielekezwe pia kwenye mkataba wa mpiga besi wa hoteli, ambao mara nyingi ni wa mdomo, na kwenye saa anazosimama, na kwenye masikio yake yanayoharibiwa na spika kila usiku.

Lipo pia suala la sheria, nalo si la wanamuziki peke yao. Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Ghana walikwisha kulifuta kosa la namna hiyo mwaka 2023, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao kinakwenda kinyume cha Katiba. Mtu aliyefikia ukingoni tunamtisha kwa pingu, halafu tunashangaa kwa nini hakusema. Nyongeza yake ni ule utani wetu wa kila siku, kwamba mtu akionekana hayuko sawa tunasema apelekwe Mirembe. Nami nimewahi kuutumia utani huo darasani. Sasa nimeacha.

Yule kijana alimaliza shahada yake, kwa kuchelewa mwaka mmoja. Alipata mshauri mzuri wa saikolojia, ambaye alimfundisha kuitambua ile hofu inapoanza kupanda na kukaa nayo mpaka ishuke. Akapunguza usiku nne kuwa mbili. Kiongozi wa bendi hakufurahi. Kipato kilipungua nusu, na kwa miezi kadhaa alikuwa akila kwa dada yake. Bado anapiga. Mwaka jana aliniletea mkataba wake wa kwanza wa maandishi, kurasa tatu, akaniomba niusome kwa kuwa hana fedha ya wakili. Tulikaa nao alasiri nzima. Ulitaja nguo za kuvaa jukwaani, adhabu ya kuchelewa, na idadi ya nyimbo kwa usiku mmoja. Nilimuuliza mapumziko yameandikwa wapi. Aliugeuza ukurasa wa mwisho, akatazama nyuma yake, kisha sote wawili tukacheka.

Kipindi changu cha saa moja asubuhi kingali palepale kwenye ratiba; nimeomba kibadilishwe, sikufanikiwa. Juma lililopita kijana mwingine alilala safu ya nyuma, kichwa juu ya mkoba. Nilimwacha. Wenzake walipotoka nilimwendea, nikamgusa bega, nikamuuliza usiku anafanya kazi gani. Alishtuka, akainuka, akaniamkia, akasema yeye ni mlinzi.